Maharagwe Yaliyoitwa Ogari

Nyamoita alikuwa akipepeta wimbi uani aliposikia panga likifyeka juu kule shambani kwake. Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka wa 1967. Shamba lile lilikuwa na maharagwe ya kupanda fitoni, marefu kupita kichwa cha mtu, maganda yake mabichi bado, yamebakiza wiki tatu tu kukauka. Alikimbia na ungo mkononi. Alimkuta shemeji yake, Ogari, pamoja na vibarua wawili. Nusu ya shamba ilikuwa imelala chini. Fito zake zilikuwa zimeng'olewa na kufungwa matita, na kando ya mpaka ilipangwa miche ya chai, inangoja mashimo.

"Shemeji, ni nini hiki?"

Ogari hakusimamisha panga. "Shamba limepimwa, Mama Cleophas. Namba ni yangu. Kesho watu wa chai wanakuja kukagua, wanataka kuona udongo."

"Ningojee basi wiki tatu, nivune."

"Ningekungojea ningekuwa mjinga," alisema, akafyeka mstari mwingine.

Mumewe Nyamoita, Manasseh, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma kwa homa ya mapafu, huko Kericho alikokuwa kibarua wa chai. Wapima ardhi walipofika kijijini, upande wa chini kidogo ya soko la Magwagwa, mjane hakuwa na mtu wa kutembea nao mpakani. Mwanawe Cleophas alikuwa darasa la nne. Ogari, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyetembea, akaonyesha mipaka na kutaja majina. Shamba la juu lenye udongo mwekundu likaandikwa lake. Nyamoita akaachiwa kipande cha bondeni kando ya kijito, mahali ambapo maji husimama na ukungu hauondoki mpaka jua liwe kali.

Aliwaita wazee wa ukoo. Walikaa nje ya nyumba ya Ogari, kwenye viti vya Ogari, wakanywa uji uliopikwa na Drusilla, mke wa Ogari. Walisikiliza, wakanong'onezana, wakasema ardhi ni ya ukoo na mkubwa ndiye huiangalia, na kwamba mama huyu hakufukuzwa, amepewa pa kulima.

"Na maharagwe yangu?" Nyamoita aliuliza.

Mzee mmoja akasema, "Si utapanda mengine? Maharagwe ni maharagwe tu, mama."

Wakacheka. Ogari alicheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi kwa kiganja. Drusilla peke yake hakucheka. Alikusanya vikombe akaingia ndani. Nyamoita aliondoka na kicheko kile masikioni, na kwa miaka sita kilikuwa kikimjia wakati wowote, akiwa kisimani, akiwa kanisani, akiwa amemshika mtoto wa mtu mikononi. Hakukililia. Alikihifadhi kama mtu anavyohifadhi makaa chini ya majivu.

Msimu uliofuata, kwa kuwa yale ya fitoni yalikatwa mabichi na hayakumwachia mbegu, alipanda bondeni maharagwe mafupi ambayo kila mtu alikuwa akipanda. Yalichanua vizuri, kisha maganda yakagusa udongo ule wa maji, yakaoza. Alivuna kibaba kimoja. Ogari alipita njiani juu, akasimama, akatazama, akaenda zake. Nyamoita aliuona mgongo wake ukiondoka, akala kiapo moyoni kwamba siku moja mtu huyu atasimama mbele ya watu akose la kusema.

Alikwenda kwao Nyacheki kwa mama yake, Mokeira, mwanamke aliyekuwa na mbegu nyingi darini kuliko sahani jikoni. Mokeira alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akapanda ngazi, akateremsha vibuyu, akamimina maharagwe kwenye ungo, fungu moja moja.

"Pale kwako penye maji hutaki haragwe linalolala," alisema. "Unataka linalokwenda juu likapigwe na upepo. Chukua haya mekundu, haya ya manjano, haya meupe, na haya ya kijivu yenye mistari. Utachagua mwenyewe. Shamba ndilo litakuambia."

Katika kibuyu cha mwisho kulikuwa na maharagwe Nyamoita hakuwa ameyaona tangu utotoni. Yalikuwa makubwa, ya zambarau, yamenyunyiziwa madoa meupe, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Alijaza kiganja.

"Hayo yaache," mama yake alisema. "Bibi yako aliyapanda mlangoni apate kivuli. Yanazaa mpaka fito inavunjika, lakini yapike asubuhi, jioni bado yanagonga sufuria. Ukitia magadi yanatoka ngozi, ndani ni mawe."

Nyamoita aliyatazama kwa muda mrefu. "Nipe na haya," alisema.

Mokeira alimwangalia usoni. Alifunga maharagwe yale kwenye jani la mgomba, akayaweka chini kabisa ya kikapu.

Ndipo Nyamoita akaanza kazi ya kuchagua, kazi iliyomchukua misimu mitano. Alikata fito za mikaratusi, akazichoma ncha zisioze, akapanda kila aina kwenye mstari wake. Maharagwe mekundu yalikuwa na majani mazito mno. Ukungu uliganda ndani yake, maganda yakapata madoa meusi. Meupe yalizaa vizuri lakini fukusi waliyapenda, na kabla ya mwezi kuisha kibuyu kilikuwa unga mtupu. Ya manjano yaliiva upesi jikoni na yalikuwa matamu, ila yalizaa kidogo. Ya kijivu yenye mistari yalikuwa na majani membamba yanayopitisha upepo, yakavumilia maji, yakapanda mpaka ncha ya fito na kuanza kurudi chini. Alifunga uzi wa mgomba kwenye mashina yaliyozaa zaidi, akayatoa mbegu peke yake. Alipika kila aina kwa kuni za ukubwa mmoja, akahesabu vipande vya kuni badala ya saa, kwa kuwa saa hakuwa nayo. Ya kijivu yaliiva kwa vipande vinne. Ya zambarau yalimaliza vipande kumi na tatu na bado binti wa jirani aliyakataa.

Kwa hiyo alichagua mawili. Ya kijivu aliyachagua kwa ajili ya chungu chake na soko. Ya zambarau aliyachagua kwa ajili ya Ogari.

Kufikia mwaka wa 1971, wanawake wa soko la Magwagwa walikuwa wakimwulizia. Persis, mchuuzi mkubwa wa nafaka pale, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya kilima, hakufungua gunia la mtu mwingine kabla ya kufungua la Nyamoita. "Haya ukiyaweka motoni ukienda kuchuma mboga za chinsaga, ukirudi yameiva," aliwaambia wateja. Cleophas akaingia sekondari. Nyumba ya Nyamoita ikapata mabati.

Ogari aliyaona mabati. Chai yake ilikuwa imeshika, alikuwa amevaa koti zito na kuchaguliwa mzee wa kanisa, lakini hakupenda kuona kitu kinang'aa upande wa bondeni. Akaanza kupita njia ya chini, njia ambayo hakuwa na haja nayo, akipunguza mwendo kila alipofika kwenye fito za Nyamoita. Mara moja alisimama kabisa.

"Shemeji, hizi mbegu ulitoa wapi?"

"Kwetu."

"Hata sisi wa hapa tungefurahi kupata kidogo."

"Si maharagwe ni maharagwe tu, shemeji?" Nyamoita alijibu, akaendelea kupalilia. Aliona shingo ya Ogari ikijaa damu. Akajua kwamba amemnasa. Alimfahamu mtu huyu vizuri. Ogari alikuwa na aibu ya kuomba, lakini ya kuchukua hakuwa nayo.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipoanza, Nyamoita alihamisha maharagwe ya kijivu nyuma ya migomba, mahali pasipoonekana kutoka njiani. Kando ya njia alipanda yale ya zambarau. Alichagua fito ndefu kuliko zote. Aliyatia samadi aliyokuwa akiyanyima mengine. Yalipanda kama yanakimbizwa, yakachanua maua ya urujuani, yakaning'iniza maganda marefu mashada mashada hata watu waliotoka sokoni wakawa wanasimama kutazama. Abner, shemasi wa kanisa na jirani yake, alimwambia, "Mama Cleophas, Mungu amekukumbuka." Nyamoita aliitika kwa kichwa, akaangalia chini.

Maganda yakakauka mwezi wa saba. Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia, alipita mstari kwa mstari akijifanya anakagua, akasema kwa sauti, mradi aliyeko njiani asikie, kwamba Jumapili atavuna mbegu. Aliyeko njiani alikuwa Ogari.

Siku ya Sabato kanisa lilijaa. Nafasi ya Ogari kwenye benchi la wazee ilikuwa wazi. Drusilla alisema mume wake ameamka na mgongo. Nyamoita aliimba nyimbo zote siku ile, sauti yake ikapanda kuliko kawaida, na Persis aliyekaa nyuma yake akamgusa bega akamuuliza kama kuna habari njema kutoka kwa Cleophas.

Aliporudi, mistari miwili ya kando ya njia ilikuwa imechumwa, nyuzi zimekatika, fito moja imeanguka. Kwenye tope palikuwa na alama za viatu vizito vya kwenda kanisani. Nyamoita alisimama pale na kitabu chake cha nyimbo mkononi. Hakupiga kelele wala hakumwita mtu. Aliiinua fito iliyoanguka akaisimamisha, akaingia ndani, akala chakula chake cha jana kwa hamu ambayo hakuwa nayo kwa miaka mitano.

Ogari alipanda vuli, akazidisha mbegu. Masika ya mwaka wa 1973 alikata migomba ya nusu ekari nzima, akanunua fito kigari kizima, akaajiri watu. Alitembea sokoni na maharagwe mfukoni, akiyamwaga kiganjani mbele ya wanaume. "Mbegu yangu hii," alisema. "Nimeitafuta mwenyewe." Yalikuwa mazuri kweli, na wanaume wakayashika, wakayageuza, wakayasifu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kukaa mbele ya sufuria ya maharagwe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mwezi wa tisa shule moja ya bweni ya wasichana ilikuwa ikitafuta mtu wa kuiletea maharagwe kwa muhula mzima. Bwana wa stoo alitazama magunia ya Ogari, akaingiza mkono, akatabasamu. Ogari akapeleka magunia kumi na mawili kwa lori.

Habari zilirudi kabla lori halijapoa. Siku ya kwanza wapishi walidhani kuni ni mbichi. Siku ya pili waliamka alfajiri, wakatia magadi, wakachochea mpaka jioni, na wasichana wakaletewa sahani za mchuzi wa zambarau wenye kokoto. Siku ya tatu wasichana walimwaga chakula uani, wakaimba, wakakataa kuingia darasani, na shule nzima ikarudishwa nyumbani kwa wiki moja. Mmoja wao alikuwa binti wa shemasi Abner. Alishuka njiani na sanduku kichwani, midomo imekauka, tumbo likimuuma. Nyamoita alimpa uji. Msichana akanywa vikombe vitatu mfululizo bila kupumzika.

Hilo Nyamoita hakuwa amelifikiria. Miaka yote hiyo alipomwona Ogari akianguka katika mawazo yake, hakukuwa na msichana wa mtu pale. Alimtazama mtoto yule akilamba ukingo wa kikombe, akasikia kitu kikimchoma. Wala hakumwambia Abner ukweli, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Shule ikarudisha magunia. Yalimwagwa kando ya barabara mbele ya nyumba ya Ogari, mengine yamepasuka. Ogari, ambaye hakuzoea kuchekwa, aliwaita wazee wa ukoo. Walikaa palepale walipokaa mwaka ule, wengine wamezeeka, mmoja hayupo tena. Safari hii walikuja pia majirani wengi, kwa kuwa kila mtu alikuwa amesikia habari ya shule.

Ogari alisimama na koti lake. "Mwanamke huyu ameniharibia jina," alisema, akimnyooshea Nyamoita kidole. "Amenipa mbegu mbaya kwa makusudi. Ni mbegu yake ile."

Nyamoita alikuwa amekaa kwenye nyasi pamoja na wanawake. Alisimama polepole, akakung'uta sketi. 

"Wazee, naomba nimuulize shemeji neno moja."

"Uliza, mama."

"Shemeji, nilikupa mbegu hiyo siku gani?"

Ogari alifungua mdomo.

"Nilikuletea nyumbani? Ulinikuta shambani? Ulinipa nini, au nilikupa bure? Mashahidi walikuwa nani?" Aligeuka akawatazama watu wote. "Nasikia sokoni alisema ameitafuta mwenyewe. Basi aseme aliitafuta wapi. Kama ni shambani kwangu, aseme ilikuwa siku gani. Maana Sabato moja mwaka jana nilitoka kanisani nikakuta mistari yangu imechumwa, na kwenye tope alama za viatu vya kanisani."

Abner alikuwa amekaa mbele. Alimtazama Ogari, kisha akatazama viatu vya Ogari, na uso wake ukabadilika taratibu. "Mzee," alisema, "Sabato ile sisi tuliambiwa mgongo ulikuuma."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Kisha Persis, ambaye hakuwa wa ukoo na hakupaswa kuwa pale, akaguna kwa pua, mwanamke mwingine akashindwa kujizuia, na kicheko kikapita kwenye nyasi mpaka kwenye viti vya wazee. Ogari alisimama katikati, kidole bado kimenyooka, hajui akiweke wapi. Nyamoita alimtazama usoni. Hakupepesa. Alitaka kuona kila kitu, jasho kwenye paji la uso, mate yanavyomezwa. Alikuwa amevisubiri vitu hivyo miaka sita na hakutaka hata kimoja kimponyoke.

Wazee waliamua kwamba hakuna kesi. Kanisa nalo lilimwondoa Ogari kwenye benchi la wazee kwa mwaka mzima. Shamba la juu lilibaki lake, na chai juu yake. Hakuna aliyezungumza habari hiyo, na Nyamoita alijua hawatazungumza.

Wiki moja baadaye Drusilla alishuka bondeni peke yake, kikapu kitupu mkononi. Nyamoita alimwona kwa mbali, akaendelea kuvunja maganda. Alidhani amekuja kumtukana.

"Karibu, mke wa shemeji."

Drusilla aliketi juu ya gogo.

"Yale ya kwanza aliyoleta nyumbani kwenye kofia," Drusilla alisema, "niliyapika kidogo, nijaribu. Yalikaa motoni kutwa nzima."

Mikono ya Nyamoita ilisimama. "Ulijua."

"Nilijua mapema kabisa."

"Na hukumwambia."

"Hakuniuliza." Drusilla alichukua ganda, akalivunja, akatazama maharagwe ya kijivu yakimwangukia mapajani. "Siku alipofyeka ya kwako, alinituma nikakusanye yale mabichi nimpikie. Nilikwenda. Nilikusanya maharagwe ya mjane nikampikia mume wangu, akala akasema ni matamu. Nimelala na jambo hilo miaka yote. Wewe ulidhani unalipiza peke yako."

Nyamoita alikuwa amemweka mwanamke huyu upande wa Ogari muda wote, katika hesabu moja, chungu kimoja. Na huyu ndiye aliyekuwa akibeba magunia yale sokoni siku za mwisho, watu wakimmwagia maharagwe miguuni, wakimwita mwizi.

"Umekuja kufanya nini?" aliuliza, na sauti ilitoka kali kuliko alivyokusudia.

"Nimekuja kuomba mbegu. Hizi za kijivu. Nitazipanda kwenye kipande changu cha nyuma ya nyumba, na nimekuja mchana, kwa njia kubwa."

Nyamoita alifikiri kukataa. Neno lilifika mdomoni. Ilikuwa rahisi, na sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa bado na njaa. Aliingia ndani akakaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuteremsha kibuyu. Alipotoka alimimina mbegu kwenye kikapu, akazifunika kwa jani.

"Usizipande karibu karibu," alisema. "Na fito ziwe ndefu. Akiuliza ulitoa wapi, mwambie."

"Nitamwambia."

Kitu kimoja hakuna aliyekipanga. Wachuuzi hawakujua jina la maharagwe yale ya zambarau, na magunia ya Ogari yalikuwa yametawanyika kila soko, yameuzwa kwa bei ya kutupa. Wanawake walihitaji neno la kuonyana, wakachukua lililokuwa karibu. Kufikia mwaka wa 1977, ukienda Magwagwa au hata Mosocho ukashika haragwe kubwa lenye madoa, mwanamke aliye kando yako angekugusa mkono na kusema, "Achana nalo dada, hilo ni ogari."

Nyamoita alilisikia neno hilo siku moja ya soko akiwa na Ogari hatua chache mbele yake, mzee sasa, anauza ndizi mbivu alizozipanga juu ya gunia. Msichana mmoja alikuwa akibishana na Persis. "Mama, usiniwekee ogari humu ndani, mama mkwe atanifukuza!" Persis akaapa kwa sauti yake ile kwamba hana hata ogari moja. Watu wakapita, hakuna aliyegeuka, neno lilikuwa la kawaida kama chumvi.

Ogari alisikia. Alishika kichane cha ndizi, akakigeuza, akakirudisha palepale. Kisha akainua macho, akakutana na macho ya Nyamoita.

"Hujambo, Mama Cleophas," alisema.

"Sijambo, shemeji."

Nyamoita alibeba kikapu chake akapita. Asingeweza kumdanganya Mungu wake: ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu mpaka kwenye meno. Alipofika mwisho wa soko alisimama, akaweka kikapu chini. Ndipo Persis alipomwita kwa nyuma, akitaka kujua kama wiki ijayo ataleta debe mbili au tatu.

"Tatu," alijibu, akajitwika kikapu, akaanza kupanda kilima.